Kengele ya Meli Yenye Tulizika

Minye sikumaliza masomo. Bantu bakiniuliza, nasemaka vita njo ilikata masomo yangu, na banatikisa kichwa kwa huruma. Kweli vita ilikuja. Lakini wakati ilifika, hesabu ilikuwa imekwisha kunishinda mu mwaka ya tatu ya sekondere, na vita ilinikuta nimeshakaa kwetu, nakula mihogo ya mama. Kwa hiyo sitakudanganya kama minye ni muntu ya akili. Minye ni muntu ya bintu ya meli.

Hapa Uvira bananijua hivyo. Bengine banachunga kuku, bengine mbuzi. Minye nachunga sahani yenye iko na chapa ya nanga, namba ya mulango ya kabine, funguo yenye haina mulango, dirisha ya duara yenye ilikuwaka mu ubavu ya meli, na kikombe yenye haina mukono. Yote ilitoka mu ile meli ya zamani yenye ilikuwaka inabeba bantu mu hii ziwa, Kalemie, Kigoma, Bujumbura, na kuja kulala ku Kalundu. Nasikia ku Ulaya kuko bantu benye banachunga hivi hivi bintu ya meli kubwa ya bahari, na banaheshimiwa, banaalikwa mahali kuongea. Minye hakuna mahali nimealikwa. Bibi yangu anaita hii mali yote jina moja: mukemwenza.

Ilianza na baba yangu, mwenye alikuwa anabeba mizigo ku bandari. Siku moja aliniingiza mu meli anioneshe mahali bantu ya pesa banakulia. Nilikuwa mudogo. Niliona kitambaa nyeupe ku kila meza. Niliona taa inawaka na jua liko inje. Niliona maji ya moto inatoka mu ukuta, katikati ya ile ziwa yenye sisi tunachota na ndoo. Sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo chini ya miguu yangu, polepole, sawa ngombe mwenye analala na anapumua. Baba alisemaka ile njo siku moja tu aliniona nimenyamaza. Nilifikiri Mungu anaishi mule, na ku Kalundu anashukaka kununua ndagala, dagaa ya hii ziwa.

Kiisha vita ikakuja, na ingine nyuma yake, na ingine tena, mpaka tukaacha kuzipatia majina. Tukawa tunasema tu, ile ya kukimbilia Burundi, ile ya kukimbilia ku milima, ile ya mvua. Meli ikafungwa kamba ku Kalundu, haina mafuta, haina bantu, na ikaanza kuliwa. Bengine bakatoa mabati, bengine mbao, bengine magodoro. Minye nikafika wa mwisho, sawa desturi yangu, nikakuta kumebaki bintu yenye hakuna muntu anataka. Nikaiokota. Nilikuwa naona sawa niko naokota makombo ku meza ya Mungu, na Mwenyewe ametoka kidogo tu.

Ile ya kukimbilia ku milima njo ilinipatia jina. Kila muntu alikuwa anazika bintu mu kiwanja mbele ya kukimbia. Bibi yangu alizika masufuria. Minye nilizika ile dirisha ya duara. Ni shaba nzito, iko na misumari mikubwa kuzunguka, na haraka ilikuwa nyingi, shimo ikakuwa fupi. Wakati tulirudi, nyumba ya njia yetu ilikuwa imebaki kuta, ata milango ilienda. Ya kwetu ilikuwa nzima, na mbele ya kiwanja kuko kijiti yenye imefungwa kitambaa nyekundu. Banyanganyi balikuwa bamechimba kidogo, bakaona ile duara na misumari yake, bakafikiri ni bomu ya kukanyaga. Balikuwa banyanganyi ya roho muzuri: baliweka alama ili bengine basikufe. Bibi yangu alicheka mpaka akaikaa chini. Kiisha akafuta macho, akasema:

«Mukemwenza amechunga nyumba. Leo nimemupokea.»

Tangu pale majirani bakawa bananiletea kila kitu yenye iko na harufu ya meli. Ile kengele niliipata kwa mama moja mwenye alikuwa anauzisha mandazi ku njia ya soko na anaipiga ya kuitia bateja. Ilikuwa kengele ya mukono, ndogo, ya shaba, na mushikio ya muti yenye ilikuwa nyeusi juu ya jasho ya bantu. Chapa ya nanga ilikuwako. Ilikuwa kengele ya meza: garsoni, muntu ya kupeleka chakula, alikuwa anatembea nayo mu njia ya kabine, anaipiga, na bantu ya pesa banajua kama chakula iko tayari. Nikabadilisha na redio yangu. Yule mama alikubali mbio sana, na bibi yangu akakawia sana kuniongelesha. Minye nilikuwa naipiga asubuhi, mangaribi, bila sababu, ngling-ngling-ngling sawa mbuzi mwenye amepotea. Katika mali yangu yote, hakuna kitu nilipenda sawa ile.

Njo pale mama fulani akafika kwangu.

Alikuwa anaishi kule chini, karibu na ziwa. Sisi bote tulikuwa tunajua habari yake. Bwana yake alikuwa garsoni mu ile meli. Siku moja ya vita alichukua bato ya mbao, akavusha bantu ng'ambo, akarudi kuchukua bengine, na tangu pale hakuonekana. Mwili haukupatikana, bato haikupatikana, ata kasia. Miaka ikapita. Sasa binti yake alikuwa amepata muchumba, na bakwe balikuwa tayari kuleta ngombe. Lakini baba mukubwa ya ule binti, kaka ya yule mwenye alipotea, akakatala. Alisema ngombe ya mutoto inapokelewa na baba yake, na kama baba amekufa, inapokelewa na ndugu zake kiisha kilio kumalizika. Huyu haishi, na hakuzikwa. Nani atanyoosha mukono? Ule muchumba alikuwa anangojea, na bantu yake balikuwa bameanza kumutafutia mwengine.

Kwa ile familia kuko desturi. Muntu akibaki mu ziwa, banakata kipande ya mugomba, banaivalisha, banaizika, kilio inakwisha. Bote balikuwa bamekubali mugomba. Yule mama alikatala. Majibu yake ilitembea Uvira muzima mpaka ku Kalundu:

«Bwana yangu hakukuwa mugomba. Hakuzaa ndizi, alizaa batoto.»

Alitaka azike kitu yenye mukono ya bwana yake ilishika. Lakini ku nyumba yake banyanganyi habakukuta kijiti na kitambaa nyekundu. Balibeba yote, ata kofia ya bwana, ata kamba ya kuanikia nguo. Njo akasikia kama huku juu kuko mupumbafu mwenye anachunga bintu ya meli.

Alikuja na ule binti, mwanamuke mukubwa tayari, mwalimu ya primere. Nikawatandikia mukeka, nikapanga mali yangu moja moja, na nikaanza kueleza sawa vile minye mwenyewe nilikuwa kapiteni. Mama hakunisikiliza. Alikuwa anashika sahani, anairudisha. Anashika funguo, anairudisha. Binti alikuwa amekaa karibu na mulango, ananiangalia sawa mwalimu anaangalia mutoto mwenye atarudilia mwaka.

Kengele nilikuwa nimeiacha ya mwisho, ya kushangaza bageni. Mama aliiona nyuma ya mugongo yangu. Hakuomba. Aliichukua, akaweka kidole ndani ili isilie, akakaa nayo kidogo. Kiisha akaipiga. Mara mbili ya haraka, akapumzika, na moja ya kuvuta.

Unajua, ile kengele nilikuwa nimeipiga mpaka majirani bakachoka. Sikuwahi kuisikia. Siku ile njo niliisikia. Nyumba yangu ya udongo ikakuwa ndefu, ikakuwa na milango ya pande zote, na nikasikia tena chini ya miguu ile sakafu yenye inapumua.

Binti alisimama. Hakuangalia muntu. Alipita mbele yetu, akaenda nyuma ya nyumba mahali bibi yangu anawekaka maji, akainama, akaanza kunawa mikono. Bibi yangu alikuwa pale anamenya mihogo, akaacha kisu. Ule binti akanawa muzuri, mpaka ku viwiko, sawa mutoto mwenye anajua ataangaliwa. Kiisha akasimama na mikono inatiririka maji, akaiangalia, na akaelewa nini amefanya.

«Papa anaita,» akasema. Polepole tu.

«Umesikia?» mama akauliza.

«Nimesikia.»

Njo bakatuelezea. Kila mara meli ikilala ku Kalundu, yule bwana alikuwa anarudi ku nyumba na kengele ili aisugue na majivu na ndimu. Na wakati ya kula, anavaa koti nyeupe ya kazi, anapita nyuma ya nyumba na mbele ya nyumba, anaita batoto yake ku bugali sawa bantu ya klasi ya kwanza. Mwenye hakunawa, hakuna kuingia ku meza. Na meza yenyewe ilikuwa mukeka.

Nilitafuta neno ya kuchekesha, juu njo kazi yangu. Haikukuja. Bibi yangu akaniambia nimupatie mama kitu yake. Nilikuwa najua hivyo. Lakini ulimi ya mupumbafu haikosi, nikauliza kama bataizika kweli, ao bataizika kidogo tu.

«Papa,» mama akanijibu, na hakukasirika, «tutazika bwana yangu. Muntu hazikwi kidogo.»

Ilibaki baba mukubwa. Nilienda nao, juu nilikuwa sijaweza kuachana na ile kengele ata njiani. Yule muzee alikuwa muvuvi zamani, mabega yangali mapana. Aliangalia kengele mu mukono ya shemeji yake sawa muntu anaangalia samaki yenye imeoza. Alisema ameshazika bantu mingi mu hii vita, lakini hatazika chombo ya muzungu na kuiita ndugu yake. Bora mugomba, mugomba ni ya kwetu. Mama alimunyooshea kengele.

Muzee akaishika ili airudishe. Nikaona kidole yake ya gumba inatafuta mahali ya kukaa na inakosa. Ku mushikio kulikuwa shimo ndogo, laini, mahali gumba ya muntu ilikula muti miaka na miaka. Minye nilikuwa naijua ile shimo, na siku zote ilikuwa inanisumbua, juu gumba yangu haikuingia mule. Muzee akageuza kengele, mara huku, mara kule. Kiisha akaihamisha ku mukono ya kushoto. Gumba ikaingia, ikalala.

Akaikaa ku mulango, kengele ingali mu kushoto.

«Mama yetu alimukatazaka kula na kushoto,» akasema mwishoni. «Minye njo nilikuwa ninamupiga, juu nilikuwa mukubwa. Nilimupiga sana juu ya huu mukono.» Akafunga vidole yake juu ya ile shaba. «Kumbe haukusikia.»

Ni yeye mwenyewe aliomba maji ya moto.

Banaume ya familia baliiosha nyuma ya pazia, na sabuni, polepole, sawa banaosha muntu. Ulimi ilinikula: nilitaka kubaambia kama shaba inasuguliwa na majivu na ndimu. Kwa mara ya pili mu maisha yangu nikanyamaza. Bakafunga ulimi ya kengele na pamba, juu mwenye amelala haiti bantu. Bakaivingirisha mu shuka nyeupe, bakaiweka mu sanduku yenye seremala alikuwa amepima kwa macho tu, bila kuuliza, na katekista akasali.

Mu hii vita nimehuzuria maziko mingi, na karibu yote ilikuwa ya kukimbia: unachimba na sikio iko ku risasi, na kulia unalia ndani, juu sauti inaleta bantu. Hii ilikuwa na wakati. Na bantu balikuja. Habakuitwa. Balitoka ku Makobola, balitoka huku mu mitaa, bavuvi, bamama ya ndagala, kila mumoja na muntu yake mwenye ziwa ilikatala kumurudisha. Balisimama juu ya ile shimo yenye ilikuwa ndogo sana, na balilia kwa sauti, murefu, bila haraka, na hakuna mwenye aliwaambia banyamaze. Kitu yenye nilibadilishaka na redio, ilikuwa imebeba bantu bote bale.

Wakati udongo ilijaa, baba mukubwa akapangusa mikono ku suruali, akageukia ule binti.

«Ambia bantu yako balete ngombe yao,» akasema. «Minye njo nitapokea.»

Binti alipiga magoti kumushukuru. Mama yake hakupiga magoti. Alitafuta mahali ku majani, akaikaa, akanyoosha miguu mbele yake, yote mbili, sawa mwanamuke mwenye ametoka shamba na mwaka imekwisha. Akakaa vile, anaangalia ziwa. Kiisha akatuangalia sisi.

«Minye niko na njaa,» akasema. «Hapa hakuna muntu amepika?»

Bamama bakakimbia kuleta sahani. Alikula bugali na ndagala, akaongeza, akaongeza tena. Na sisi tulimuzunguka, tumesimama, hakuna mwenye alitaka kuikaa mpaka yeye amalize.