Jumamosi ya Mpira Iliyomponza Radka

Saa kumi na mbili asubuhi, Radka Zemánková amesimama mbele ya mashine ya kuoshea vyombo katika bwalo la chuo. Aproni ya mpira inamfika miguuni, nywele kazifunga kwa kitambaa. Sahani zinakuja kwenye mkanda. Anakwangua mabaki, anapanga, anasukuma. Simu iko mfukoni, na kila inapotetema mkono wake unasimama hewani.

"Mama yako huyo, au ndio wao?" anauliza Bi Darlene, msimamizi wa jiko, mwenyeji wa hapa hapa Iowa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Tangazo la pizza."

"Basi pumua, mwanangu. Usinivunjie sahani kwa ajili ya pizza."

"Wao" ni wajumbe wa baraza la nidhamu la chuo. Jumanne watakaa, waamue kama binti huyu wa miaka ishirini, aliyetoka Jamhuri ya Cheki kuja kusoma hapa mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, abaki au arudishwe kwao. Shitaka ni kwamba chupa yake ya pombe ndiyo iliyomlaza hospitali mwenzake wa chumba.

Habari hii inatisha. Mzazi yeyote anayemfungia mwanawe mizigo ya kwenda chuo, aisome yote.

Radka alifika mwezi Agosti, joto la mahindi likiwa limeuelemea mji. Siku za mwanzo, anasema, alicheka kuliko alivyolia. Mwalimu wa historia aliingia darasani na kaptula, akawataka wamwite kwa jina lake la kwanza tu. Radka hakuweza. Mpaka leo akitaka kumuuliza jambo husubiri amtazame.

"Halafu vyoo," anasema, akifuta jasho kwa kiwiko. "Mlango una upenyo juu, chini na pembeni. Naona viatu vya watu, nao wanaona vyangu. Nikamwambia mama kwenye simu, huku hata choo hakina siri."

Siri ilikuwepo, ila si huko alikokuwa akitazama. Katika bweni lake wasichana walikuwa wakificha pombe ndani ya chupa za shampuu.

Kazi ya bwalo aliipata wiki ya pili. Analipwa dola kumi na moja kwa saa, na mgeni kama yeye haruhusiwi kupita saa ishirini kwa wiki. Anasema hapa kwenye mkanda ndipo alipowajua Wamarekani, kwa mabaki yao.

"Mtu anachukua vipande vitatu vya keki, anauma kimoja. Kwetu bibi angemfukuza mezani."

"Na mimi ningemfukuza," anadakia Bi Darlene, "lakini wananilipa niwachekee."

Chumbani aliwekwa na Brynn Halvorsen, mtoto wa mfuga nguruwe, miaka kumi na tisa, mcheshi, mwenye kuimba akipiga mswaki. Walipatana tangu siku ya kwanza. Brynn alimfundisha kula mahindi ya kuchemsha kwa siagi inayochuruzika mpaka viwikoni. Radka naye akaona ni zamu yake.

Alikuwa amekuja na chupa ya babu yake, mzee Alois wa milima ya Moravia. Ni pombe ya matunda ya plamu, mzee hupeleka plamu zake zikapikwe kila vuli, nyeupe kama maji, kali kuliko gongo. Kwao chupa hiyo husimama kabatini wazi. Mgeni hutiliwa kikombe kidogo sawa na kifuniko cha chupa ya dawa, mnatazamana machoni, mnakunywa, basi. Mtoto akikohoa husuguliwa nayo kifuani.

Brynn alipoionja machozi yalimtoka. "We Radka! Hii petroli!"

"Dawa. Ya tumbo, ya kifua, na ya kukumbuka nyumbani."

"Nyumbani kwenu kuna moto?"

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Na hapo Radka akatamka maneno ambayo sasa yamo kwenye maelezo aliyoyatia sahihi polisi: chupa iko pale rafuni, si yangu, ni ya chumba.

"Kwetu ukimficha chupa unayelala naye chumba kimoja, umemwita mwizi," anaeleza. "Sikuwa na nia nyingine, wallahi sikuwa nayo." Neno hilo la kuapa analisema kwa lugha ya kwao, kifuani ameweka mkono wenye povu.

Alijua kwamba hapa sheria inakataza pombe kwa aliye chini ya miaka ishirini na moja. Aliambiwa siku ya kukaribishwa wageni. Lakini kwao kijana wa miaka kumi na minane anainunua dukani mchana kweupe, na yeye alidhani katazo hili ni kama lile la kukanyaga majani ya bustani.

Brynn hakuwa mlevi, na hapo ndipo pa kuogopa. Mtoto aliyekatazwa kunywa mbele ya wakubwa hajifunzi kutokunywa. Anajifunza kunywa upesi kabla hajaonekana.

Jumamosi ya kwanza ya mpira wa Kimarekani kuchezwa hapa nyumbani, mji wote huvaa rangi moja. Barabara hufungwa. Watu huchoma soseji kwenye maegesho ya magari tangu asubuhi, vikongwe wamepakwa rangi usoni kama watoto. Radka alikuwa bwaloni, akiosha.

Huko bwenini wasichana wa ghorofa walikusanyika chumbani kwa Brynn "kupasha moto" kabla ya mechi. Kulikuwa na juisi ya matunda na vile vikombe vikubwa vyekundu vya plastiki. Mmoja wao, Tatum, wa chumba cha mkabala, anasema vinywaji vyao vilipoisha, Brynn aliitazama ile rafu.

"Tuliitia kwenye juisi," Tatum anasimulia, akikwepa macho. "Haikuonekana. Haikuwa hata na rangi. Brynn akasema ya babu haiwezi kumdhuru mtu."

Radka alirudi karibu saa sita mchana, mikono ikinuka sabuni. Wengine wote walikuwa wamekwenda uwanjani. Tatum alikuwa amekaa sakafuni, na Brynn amelala chali kitandani, kiatu kimoja mguuni.

"Kalala tu," Tatum akasema. "Usiwashe taa."

Radka akamwita Brynn kwa jina. Akamfinya sikio, akafinya tena kwa ukucha. Uso haukukunjamana hata kidogo. Mikono ya baridi. Midomo ina rangi ya wino uliochujuka. Pumzi inakuja, inakwenda, inakawia kurudi.

"Babu alinifundisha nikiwa mdogo," anasema. "Mlevi anayetukana ni mzima. Muogope aliyenyamaza."

Akamlaza Brynn ubavu, akamwekea mto mgongoni asirudi chali. Kisha akatoa simu.

"Unampigia nani?" Tatum akaruka.

"Hospitali."

"Umerukwa na akili? Gari la wagonjwa na polisi huja pamoja!"

"Waje."

"Waje? Chupa ya nani ile, Radka? Yangu? Mimi nitapewa onyo. Brynn atafokewa na baba yake, yaishe. Wewe watakupandisha ndege! Mwache alale. Pombe huisha yenyewe."

Hapa sauti ya Radka inashuka, na Bi Darlene anajifanya kupanga vikombe.

"Nilisimama. Simu mkononi, nimesimama. Nilimwona mama akinipokea uwanja wa ndege bila kusema kitu. Nilimwona mzee Alois akiambiwa na majirani. Tatum alikuwa anasema kweli, ujue. Hakuwa ananidanganya. Kilichonishtua ni pumzi ya Brynn, maana niliitegea sikio, sikuisikia."

Pumzi ilirudi baadaye, kwa mkoromo mbaya. Vidole vya Radka vikabonyeza moja, tano, tano.

Hiyo ni nambari ya gari la wagonjwa, ila ya kwao, aliyofundishwa shule ya chekechea kwa wimbo. Ikajibu sauti ya mashine: nambari uliyopiga haipo. Akapiga tena. Haipo. Akapiga mara ya tatu, akidhani nchi nzima imekataa.

Tatum ndiye aliyepiga kelele, analia: "Si hiyo! Tisa, moja, moja! Tisa, moja, moja, mjinga wewe!"

Na alipoona vidole vya mwenzake haviwezi, akamnyang'anya simu, akabonyeza mwenyewe, akairudisha sikioni mwa Radka.

Gari lilikuja lakini halikufika mlangoni, barabara zimefungwa kwa ajili ya mechi. Wahudumu wakamtoa Brynn kwa machela katikati ya umati. Watu walipoiona machela wakapiga makofi. Jamaa mmoja mwenye uso wa rangi ya njano akanyanyua kopo lake la bia juu: "Huyo keshamaliza mechi kabla yetu!" Wakacheka. Radka alikuwa akikimbia nyuma na kile kiatu cha pili, anasikia makofi.

"Nilidhani watanyamaza wakimwona midomo," anasema. "Hawakumtazama midomo."

Gari lilipoondoka bila yeye, Radka akarudi bwenini. Polisi aliyebaki mlangoni alikuwa kijana mpole. Aliinua chupa iliyobaki na tone chini. "Hii ya nani?" Wasichana waliokuwa wamesharudi mbio walisimama ukutani. Tatum akatazama zulia.

"Yangu," Radka akasema.

Brynn alipumulishwa kwa mashine mpaka kesho yake. Alitoka hospitali siku iliyofuata, amekonda uso, hakumbuki lolote tangu kikombe cha pili. Mama yake, Bi Joleen, alikuja kufungasha vitu vyake ampeleke nyumbani apumzike muhula mzima. Radka alimsaidia kukunja mashuka. Mizigo ikafika mlangoni.

"Wewe ndiye mwenye ile chupa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na ndiye uliyepiga simu?"

"Ndiyo."

Bi Joleen akanyanyua begi la mwisho. "Sijui nikukumbatie au nikuzabe kofi," akasema, na akaondoka bila kufanya lolote kati ya hayo.

Kanuni za chuo zinamsamehe aliyezidiwa na pombe, na zinamsamehe anayeita msaada. Hazimsamehe aliyeileta. Radka ni wa pili na wa tatu kwa pamoja, na baraza halijawahi kupata mtu wa namna hiyo. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni amemwambia ajiandae kwa lolote. Ameshatoa sanduku chini ya kitanda. Hajalifungua, lakini amelitoa.

Kinachomkosesha usingizi, hata hivyo, si sanduku. Wiki iliyopita, akiwa nyuma ya dirisha la kurudishia vyombo, alisikia wasichana wawili wakiweka sahani. Hawakumwona kwa mvuke.

"Umesikia ya yule Mcheki? Kapiga simu, kakiona cha moto."

"Ningekuwa mimi ningefunga mlango nikaenda zangu mechi."

Bi Darlene naye alisikia. Anasema alitaka kutoka na mwiko. "Nina wajukuu wawili watakaoingia chuo hiki," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake ni ndogo. "Nilijiuliza, na wao watalala chumba kimoja na nani?"

Jumamosi hii timu inacheza nyumbani tena. Kule maegeshoni tayari wamechora mistari ya kupanga magari.

Radka anasema hatabisha mbele ya baraza. Atakiri chupa, ataomba radhi. Akibakizwa, atasoma mpaka mwisho na kuendelea kuosha vyombo. Lakini ana ombi moja, na analirudia kila siku kimoyomoyo kwa lugha isiyo yake, asije akakwama siku yenyewe.

"Wakiamua nirudi, nitarudi," anasema, akisukuma kreti la vikombe ndani ya mashine. "Ila nitawaomba watangaze bwenini, kila ghorofa, kwamba nimefukuzwa kwa chupa. Waseme chupa. Wasiache wale wasichana wafikiri ni simu."