Mluzi wa Maji

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwapo mnadani Biharamulo siku ya kupakia ng'ombe wa kitoweo cha askari. Mmoja mweupe aligoma kupanda lori. Wapakiaji walimchapa, wakamsokota mkia, naye akazidi kukita miguu.

Mwenyewe, mzee aliyehamia kutoka Shinyanga na kubaki na ng'ombe huyo tu, akawasogeza kwa mkono.

"Mwacheni. Siyo mwizi huyo."

Akapanda yeye kwanza, akapiga mluzi mrefu wa taratibu. Ng'ombe akasimamisha masikio, akamfuata mpaka ndani.

"Mzee, kumbe dawa yake unaijua," bwana mifugo akacheka.

"Huo ni mluzi wa kumwitia maji. Tangu ndama, hajausikia akayakosa."

Bwana mifugo akainamia daftari lake. Mzee akashuka, akakunja kamba tupu, akaitupia begani na kuondoka bila kugeuka.

Askari lazima ale, sibishani. Lakini ndoo moja ya maji ingechelewesha vita kwa dakika ngapi? Msiniulize mbona sikuileta mimi. Nilikuwa nimesimama palepale, nikimtazama ng'ombe akilamba ubao wa lori.