Shingo ya Mdoli

Mdoli tuliyejifunzia kuokoa watoto alikuwa na shingo mbovu, na kila mtu chuoni alijua.

Kilikuwa chuo kidogo cha uuguzi pale Thika, ambacho siku hizi hakipo. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Mdoli aliletwa na wafadhili, mtoto mchanga wa mpira mwenye mapafu ya plastiki, akafungiwa kwenye kabati la vioo ofisini kwa mwalimu mkuu kama kikombe cha mashindano. Alitolewa wakati wa mazoezi na wageni walipokuja kupigwa picha naye.

Kazi yetu ilikuwa kumvalisha barakoa ndogo puani na mdomoni, kubonyeza ambu, ule mfuko wa mpira unaosukuma hewa, na kuangalia kama kifua kinapanda. Mtoto wa kweli asiyepumua hulazwa uso ukitazama dari, shingo ikinyooshwa kidogo tu, kama mtu anayenusa chakula jikoni. Kidevu kikishuka kifuani, njia ya hewa inajifunga. Kichwa kikivutwa nyuma sana, inajifunga vilevile. Lakini bomba la ndani ya mdoli wetu lilikuwa limepinda, na hewa haikupita mpaka umkunje kisogo kikaribie kugusa mgongo.

"Madam, hii shingo si iko na shida?" nilimuuliza mwalimu wetu. "Hatuwezi kufungua tuangalie?"

"Hiyo ni mali ya wafadhili. Hakuna mtu anafungua. Wewe zoea tu vile iko."

Basi tukazoea. Kwenye mtihani alama zilitolewa kwa kifua kupanda, na kifua kilimpandia aliyeikunja ile shingo bila huruma. Rafiki yangu, aliyelala kitanda cha karibu na changu bwenini, ndiye aliyeongoza darasa. Akapewa chupa ya chai yenye maua, na sote tukampigia makofi.

Nikapata kazi kwenye hospitali ndogo ya kujifungulia Ruiru. Sista mkuu wa wodi aliniona nikimkunja shingo mtoto wa kwanza niliyepewa kumwokoa, akanichapa mkono. "Ngai! Unataka kumchinja?" Alikunja taulo, akaliweka chini ya mabega, si chini ya kichwa, na kichwa kikakaa sawasawa. Akabonyeza ambu taratibu, kifua kikapanda. Nilishikwa na hasira, na haikuwa hasira ya kuchapwa.

Siku yangu ya mapumziko nilirudi chuoni kuwaambia. Mwalimu alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtihani umekaribia, nisiwachanganye wasichana. Nikapitia kwa rafiki yangu, ambaye sasa alikuwa mkunga kwenye zahanati moja hapo Thika. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umeenda Ruiru juzi tu, saa hii umekuwa daktari?"

Mwaka uliofuata mdogo wangu alijifungulia kwenye zahanati hiyohiyo. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kiandutu, na zahanati hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Nilifika mchana, na rafiki yangu akaniruhusu niingie nimshike mdogo wangu mkono. Mtoto alitoka akiwa mlegevu, rangi imempauka, bila sauti. Rafiki yangu hakubabaika hata kidogo. Alimpangusa, akamlaza mezani, akamvalisha barakoa, na akamkunja shingo kama yule mdoli.

Kifua hakikupanda. Tumbo ndilo lililoanza kujaa hewa. Alidhani barakoa inavuja, akaikandamiza, akazidi kuvuta kichwa nyuma.

"Rudisha kichwa!" nikamwambia. "Umefunga njia ya hewa!"

"Leo wewe ni mwenye mgonjwa. Nyamaza ama utoke."

"Mbona halii?" mdogo wangu aliuliza kitandani. "Mbona mtoto wangu halii?"

Nikasema tena, kwa kelele, na hakunisikia, au alisikia makofi ya ile chupa ya chai yenye maua. Mwishowe nilimsukuma kwa bega. Nikanyakua leso ya mdogo wangu, nikaikunja, nikaiweka chini ya mabega ya mtoto na kuurudisha uso utazame dari. Kifua kikapanda. Tulingoja sana kabla hajalia, na alilia kama paka aliyenyeshewa.

Mama, aliyekuwa nje, alipiga vigelegele vitano, kama ilivyo kwetu kwa mtoto wa kiume. Wiki hiyohiyo alimpelekea rafiki yangu kuku, shukrani ya kuokoa mjukuu. Rafiki yangu alimpokea yule kuku. Mimi aliniambia kwamba nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wagonjwa, na hatujaongea tena.

Watoto wenzake walipoanza kukaa, mtoto wa mdogo wangu alikuwa bado hawezi kuinua kichwa. Mama alisema ni mvivu, atachangamka. Daktari wa kliniki alisema ubongo ulikosa hewa, ila hakutaka kusema lini wala kwa nini. Mimi nasema. Nilikuwepo, niliona tumbo likijaa na kifua kimelala, na nikifa leo nitakufa nikiwa na uchungu huo. Chuo nacho kilikuwa kimemwajiri rafiki yangu awafundishe wasichana mazoezi, kwa jinsi alivyomweza yule mdoli.

Nilikwenda Kiandutu jioni moja nikamkuta mdogo wangu akimlisha mtoto uji. Alikuwa amemweka mapajani, leso imekunjwa nyuma ya mabega, kichwa kimekaa sawasawa, si mbele wala nyuma. Alimpa kijiko, akangoja ameze, akampa kingine.

"Hivi ndio hapaliwi," akasema.

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kumshika hivyo.

"Hakuna mtu. Nilijaribu tu mpaka nikaona inapita." Akampangusa kidevu. "Kwani nyinyi huko shule hamkufundishwa?"