Picha Waliyoikata Nusu

Picha ilinifikia asubuhi nikifungua duka langu la vitenge, mjini Rubwera, ufunguo ukiwa bado mkononi. Mtu alikuwa ameituma kwenye kundi la simu la kijiji chetu, kule Kibingo: mwanamke mzee amempakata mtoto aliyelala, na chini yake maneno kwamba huyu ni mmoja wa wageni wanaovuka mpaka kuiba watoto, akionekana apigwe kwanza, maswali baadaye. Iliambatana na sauti ya mwanamume nisiyemfahamu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji, akisema wenyeji wameamka, na wote wenye asili ya Burundi na Rwanda warudi walikotoka.

Mwanamke yule ni jirani yangu. Kibanja chake na changu, migomba imegusana. Alikuja huku mgongoni mwa mama yake, akaolewa hapa, akamzika mume wake hapa. Mtoto ni mjukuu wake, na picha ilipigwa siku ya ubatizo wa mtoto huyo. Nilikuwa nimesimama kando yao. Walinikata, ila hawakukata vizuri: ukingoni kilibaki kipande cha bega langu na gauni la maua ya zambarau nililolishona mwenyewe.

Nilikaa chini. Nilimpigia mume wangu, akanisihi nisijibu kitu. Alisema duka linategemea wateja, na mimi mwenyewe ni mtu wa kuja, kwetu ni Muleba. Nikamwambia kama ni hivyo, basi wakimalizana na jirani zamu yangu inafuata.

Nikaitafuta picha nzima, nikaituma. Kisha nikarekodi sauti, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa huku, changu cha kuokoteza, ili hata asiyejua kusoma asikie.

"Bega mnaloliona hapo pembeni ni langu. Mtoto huyo ni mjukuu wake, na wengi wenu mlikula ndizi za ubatizo wake. Aliyeandika uongo huu aje dukani kwangu mchana, aniambie usoni."

Matusi yakaanza. Namba ngeni ikaniandikia kwamba duka langu linajulikana na njiti moja ya kibiriti inatosha. Ujumbe huo niliuhifadhi, nikaupeleka kituo cha polisi. Msimamizi wa kundi, mwalimu wa kwaya ninayemheshimu sana, alinipigia akaniomba kwa upole nifute nilichotuma, kwa ajili ya amani. Nikamuuliza kwa nini amani inaombwa kwangu na si kwa yule aliyesema mtu apigwe.

Nikafunga duka, nikapanda bodaboda hadi nyumbani kwa jirani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, jua likiwaka. Nikabisha.

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Uko na nani?"

Aliponifungulia niliona mtoto amelala mkekani, midomo imekauka kwa homa. Nikauliza kwa nini hajampeleka zahanati.

"Nikimbeba barabarani watasema nimemwiba," alisema.

Hapo woga wangu uliisha, ikabaki hasira tupu. Nikamwambia avae kitenge chake kizuri, tunakwenda, na tutapita njia kuu, hatutajificha vichochoroni kwenye migomba.

Njia panda, vijana wa bodaboda walikuwa wameinamia simu zao. Mmoja akasimama mbele yetu akauliza mtoto ni wa nani. Nilifungua kinywa, lakini mama alinitangulia, akamjibu kwa Kinyambo, bila kupandisha sauti.

"Ni wa binti yangu. Wewe nilikuogesha ulipozaliwa, mama yako akiwa hawezi kuinuka kitandani. Nipishe."

Kijana aliangalia chini, akapisha. Tulipita, tukafika zahanati.

Ilikuwa malaria. Mtoto alipata dawa, na siku chache baadaye alikuwa akikimbiza kuku wangu. Mwalimu wa kwaya aliufuta ule uongo jioni ileile, na Jumapili akasimama kanisani akasema mbele ya wote kwamba alikosea kuuacha. Aliyeutunga hatujamjua hadi leo. Wateja kadhaa hawajarudi, na mama mmoja bado akiniona hugeuza shingo. Sijamfuata kumbembeleza.

Sauti ya yule mwanamume mwenye Kiswahili cha mtangazaji imerudi kwenye kundi, safari hii ikisema chanjo za watoto ni sumu. Nikarekodi jibu, na kabla sijamaliza wanawake wengine wawili walikuwa wameshamjibu. Dada zangu wa Muleba wananishauri nijitoe kwenye kundi nipumzishe moyo. Sijitoi. Nikiondoka, namwachia mwanamume yule uwanja, naye ana maneno mengi.