Baiskeli Tupu Haina Mlima

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Makere, mwanangu, nilipobebwa juujuu kama bwana harusi. Wenye maduka wawili wa Kasulu, kila mmoja na aina yake ya baiskeli, walikuwa wameandaa mashindano. Nilipanda ya duka la kwanza, nikamwacha mwenzangu aliyepanda ya duka la pili nyuma akila vumbi. Nikavimba kichwa, nisikufiche.

Mama Yoranda, muuza ndizi wa Kitanga, hakupiga makofi. Aliniita: "Mwana wanje, mwanangu, umeshinda upepo. Hebu pakia mikungu yangu tuone."

Kijana nimesifiwa, ningekataaje? Tukafungiwa mizigo sawasawa, tukaukabili mlima. Katikati spoku zangu zikaanza kukatika, tang, tang! Mwenzangu akanipita polepole, jasho likimtiririka, akafika na ndizi zote. Mimi nilifika nikisukuma, nimenuna.

"Baiskeli tupu haina mlima," akasema yule mama. "Sisi tunabeba ndizi."

Sasa wewe umetumwa uchague seva ya hospitali yenu, na watengenezaji wawili wa prosesa, huo ubongo wa kompyuta, kila mmoja ameleta grafu kuonyesha yake ndiyo yenye mbio. Sishangai. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini mfumo ukikwama Jumatatu asubuhi, atakayesimama dirishani na mtoto anayechemka homa si muuzaji. Ni dada yako wa Busunzu, na jina litakalotajwa ni lako.

Usiwachukie kwa kushindana. Yule mwenye duka niliyemwaibisha pale mlimani alirudi msimu uliofuata na spoku nene, mpinzani wake naye akaleta fremu nyepesi, na sisi wabeba ndizi tukaneemeka. Waache wakimbizane.

Ila waambie waziwashe mashine zote mbili hapo kwenu, uzitwike kazi yenu wenyewe: kadi za wagonjwa, maabara, dawa, vyote kwa mpigo mmoja. Tazama na umeme unaoliwa, maana jenereta yenu naijua. Itakayofika na ndizi zote, chukua hiyo, hata kama kwenye grafu ilishindwa. Wakubwa wakikuharakisha, simama imara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nenda, mwanangu. Imana, Mungu wetu, akutangulie. Mlima ukukute umepakia, na kileleni ufike na mzigo wote.