Wimbo Uliotangulia Redioni

Ukizunguka soko la Mkuyuni siku ya Jumamosi, hutakosa kuisikia. Fundi simu anaipiga, muuza mitumba anaipiga, na msafara wa harusi ukikatiza hapo na tarumbeta zake, nao unapiga hiyo hiyo: *Vumbi la Kisesa*, santuri ya Mawe Jazz iliyorekodiwa miaka ya sabini. Vijana ambao hata mama zao walikuwa hawajazaliwa ilipotoka wanaijua neno kwa neno. Ni ngoma za Kisukuma zilizotiwa gitaa la umeme, basi, hakuna uchawi. Lakini hao watu waliweka nini mle hata isichuje, mimi sijui. Wimbo wa kwanza ukianza, Tereza, muuza dagaa, huinama kama anatafuta kitu chini ya meza.

Sauti ya msichana inayoimba mle ni yake.

Sokoni hakuna anayejua, naye hataki wajue. Enzi hizo alikuwa binti wa Kisesa mwenye kichwa kigumu, anawadanganya nyumbani kwamba anakwenda kwa shangazi, kumbe anakwenda Igogo kuimba na bendi. Siku chache kabla ya safari ya kwenda kurekodi Nairobi, kiongozi wa bendi, Josephat, aliona nyimbo hazitoshi.

"Tereza, huna wimbo wa kwenu?"

Alikuwa nao, tena mpya, haujaimbwa mbele ya watu.

Baba yake, Shimba, alikuwa kiongozi wa ngoma upande wa Bagalu. Baada ya mavuno Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza uwanja mmoja, saa ile ile, na watazamaji hukimbilia upande unaowakuna. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo wimbo mpya hufichwa kama mali. Shimba alitungia nyuma ya majabali, mbali na masikio ya Bagika, na aliyeruhusiwa kufika huko alikuwa Tereza peke yake, akimpelekea uji.

Utasema, sasa alipompa Josephat wimbo huo alikuwa anafikiri nini? Alifikiri kitoto: kwamba wimbo ukishapigiwa gitaa si wa ngoma tena, hakuna atakayeutambua. Tena Josephat alimhakikishia kuwa santuri zitatoka mwakani. Zikatoka mapema, mavuno hayajaisha. Redio ikaupenda ule wimbo, ikaupiga asubuhi na jioni. Nyumbani kwa Shimba hakukuwa na redio. Tereza aliusikia kwa jirani, akarudi nyumbani amedhamiria kusema, akamkuta baba yake anasafisha njuga zake kwa furaha, na ulimi ukagoma. Hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo kuliko hata kuutoa wimbo wenyewe.

Siku ya mashindano Shimba alisimama mbele ya watu wake na kuanza kuimba. Mstari wa kwanza haujakwisha, umati ukaupokea, ukaimba wote, unacheka. Mtu akapaza sauti, "Mzee, hiyo ya redioni tumeshaisikia! Tupe yako!" Watu wakahamia kwa Bagika mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mpaka Shimba akabaki anawaimbia wachezaji wake na kuku wa watu. Alifungua njuga miguuni pale pale. Jioni alikwenda kwa jirani kuisikiliza hiyo redio, na sauti ya mwanawe akaitambua.

Hakumpiga. Afadhali angempiga, yakaisha. Aliacha ngoma, naye Tereza akaacha kuimba hata kanisani. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, na sasa baba yake amezeeka anaishi kwake Igoma. Wanaongea habari za mvua, dawa za kifua na bei ya sukari. Lile jambo hawajaligusa. Kifua cha mzee kinazidi kuchoka, na Tereza anachotaka kabla hakijanyamaza ni kimoja tu: kusikia kwamba amesamehewa.

Ndipo akaja Nasma, mtangazaji wa redio, mwenye haya kidogo na maswali mengi. Santuri inatolewa upya, alisema, na Josephat kabla hajafariki alimtajia jina la mwimbaji, akamwambia mtunzi wa wimbo wa kwanza ni baba yake. Walitaka kuandika jina la mzee kwenye jalada. Tereza aliona mlango umefunguka wenyewe. Akampeleka kwa mzee, akapiga magoti pembeni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nasma akaeleza, kisha akaupiga wimbo kwenye simu. Ulikuwa haujawahi kusikika ndani ya nyumba ile. Mzee alisikiliza kafumba macho, kidole gumba cha mguu kikifuata ngoma. Simu iliponyamaza akauliza, "Mbona umeukata?"

"Sijaukata, babu. Umekwisha. Pale mwisho linabaki gitaa tu, na ndipo watu wanapopapenda zaidi."

"Gitaa linafanya nini pale? Pale pana maneno." Akamgeukia Tereza. "Niliyamalizia siku zile uliposema unakwenda kwa shangazi yako. Mimi mwisho wa wimbo huwa namtaja mtu wangu. Nilikutaja wewe. Wale watu hawakuniacha nikafika huko."

Tereza alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka mbele ya mgeni. "Nilikukosea, baba. Nisamehe. Niimbie hayo maneno, hata kidogo tu."

Mzee akavuta pumzi, akafungua mdomo. Ikatoka sauti nyembamba, mstari mmoja, ule ule ambao kila mtu anaujua. Akasita. Akaanza tena, akasita pale pale. Nasma alikuwa ameishika simu juu, anarekodi, akaishusha taratibu.

"Yamepotea," mzee alisema. "Nilikuwa nayo muda mrefu. Hasira ziliniisha siku ulipomzaa mtoto wako wa kwanza, Tereza. Nikawa nangoja uje uniulize. Ungeniuliza wakati ule, ningekuimbia."