Anawachagulia Wageni wa Napoli Pa Kulala, Sasa Zamu Yake

Saa nne asubuhi, jua bado halijafika chini kichochoroni, na Mena Capuozzo amesimama uani na funguo mbili mkononi. Mbele yake wako mume na mke kutoka Torino, wanahema, masanduku yao yamechoshwa na mawe ya njia. Wamelipia chumba cha ghorofa ya kwanza kinachotazama barabara. Mena anawakagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Jumapili mnaamka saa ngapi?" anauliza.

Mwanamke anacheka. Jumapili, anasema, ndiyo siku yao ya kulala mpaka mchana.

"Basi hapo hamtapaweza. Jirani wa chini anabandika mchuzi wa nyama alfajiri, na akikaanga vitunguu lazima aimbe. Twendeni ghorofa ya tatu, upande wa uani. Kuna giza kidogo, lakini mtalala mpaka mchoke wenyewe."

Wanabadilishiwa ufunguo papo hapo, na safari ya ngazi inaanza.

Hiyo ndiyo kazi ya Mena, mjane wa miaka sitini na moja: kusafisha vyumba sita vya wageni katika jumba la kale la mtaa wa Sanità, kuwapokea wageni wenyewe na, kwa cheo alichojipa, kuamua nani alale wapi. Kwa kila chumba anachosafisha analipwa euro kumi na mbili. Kwa ushauri halipwi kitu, wala hakuna aliyewahi kumwomba autoe.

"Mtu akilala vibaya, Napoli yote anaiona mbaya," anasema huku akikung'uta shuka dirishani. "Lawama tunapata sisi. Godoro halilaumiwi."

Yeye mwenyewe analala chini kabisa. Nyumba yake ni basso, chumba kimoja ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja kichochoroni. Kitanda, jiko na picha ya marehemu mumewe, Gaetano, vyote anaviona kila apitaye. Aliingia humo akiwa bibi harusi, akamlea humo binti yake ambaye sasa anaishi Ujerumani. Jioni hutoa kiti nje, majirani nao hutoa vyao, na njia ya umma inageuka sebule mpaka usingizi uwatawanye.

Mwezi wa sita, mwenye jumba, Wakili Liguoro, alimwita. Wageni wa siku hizi hawataki tena ghorofa, alimweleza. Wanataka basso, walale kama wenyeji. Mkataba wa Mena unaisha mwishoni mwa Septemba na hautaongezwa. Hata hivyo hakumtupa. Alimpa achague moja kati ya mawili kwa kodi ileile: fleti huko Ponticelli, pembezoni mwa jiji, yenye lifti na roshani, au chumba cha ghorofa ya tano humu humu jumbani, kisicho na lifti, ambacho wageni wamekikataa miaka yote.

Mganga hajigangi. Mwanamke anayempangia mgeni kitanda kwa swali moja alikaa wiki nzima, kisha nyingine, bila jibu. Magoti yake ni mabovu, na daktari alishamwonya kuhusu ngazi. Kwenye karatasi, Ponticelli ilikuwa imeshinda kabla ya mchezo kuanza.

Hata Titina Buonocore, anayekaanga pizza mlangoni pa basso inayotazamana na ya Mena, alikuwa upande wa lifti.

"Nenda, shoga yangu," alimwambia. "Lifti ile itakupandisha kama malkia."

"Itanipandisha kwenda kwa nani?"

"Kwa Mungu, ukiwa na bahati."

"Wewe unataka nafasi ya kiti changu tu."

"Kiti chenyewe kina mguu mmoja mbovu kama wewe! Nani akitake?"

Walicheka wote wawili. Kisha Titina akageuka upesi kuyatazama mafuta yake, ambayo hata moto yalikuwa hayajapata.

Mena akaenda Ponticelli kukagua. Alijifanyia kama anavyowafanyia wageni: akafungua dirisha, akaketi, akasikiliza. Fleti ilikuwa nzuri, na hasemi vinginevyo. Bafu jipya, ukuta mweupe, jua hadi kitandani.

"Nilikaa kitambo kizuri," anakumbuka. "Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniuliza nimepika nini. Nikasema, hapa nikifa, wa kwanza kujua atakuwa mtu wa umeme."

Kesho yake akapanda ghorofa ya tano. Alipumzika njiani mara mbili, akimlaani aliyebuni ngazi. Chumba kilikuwa kidogo na dari yake imeinama. Lakini kichochoro ni chembamba, na sauti hazina pa kwenda isipokuwa juu. Alipofungua dirisha alimsikia Titina akimsimanga muuza samaki kuhusu macho ya samaki wake, neno kwa neno, kama wamesimama kitandani pake. Mena anasema alilia kidogo, na hadi leo hajui kama ni moyo uliomliza au ni magoti.

Bado hakukata shauri. Waliomkatia ni watu wa Bergamo.

Agosti, basso ya pili kutoka kwake ilikuwa tayari imegeuzwa chumba cha wageni. Mume na mke kutoka Bergamo waliingia humo, joto likawazidi, wakajilaza na kuuacha mlango wazi wapate hewa. Hapa Sanità, mlango wa basso ukiwa wazi mchana, mwenyewe ameita watu. Titina akaingia, akasalimu, akawakuta kitandani, akawaambia wasijisumbue kuinuka. Akabandika kahawa.

Mume aliruka na taulo. "Wewe nani?"

"Jirani. Sukari mmeiweka wapi?"

Mume akapiga simu polisi. Walipofika, Titina alikuwa ameshamimina vikombe vitatu, na mke wa mgeni alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiwa na kimoja, hajui anywe au apige yowe. Askari mmoja, kijana aliyezaliwa vichochoro viwili kutoka hapo, alisikiliza malalamiko yote kwa heshima, kisha akauliza kama kahawa imebaki. Jioni wageni walihamia hoteli ya karibu na stesheni.

"Titina hakukosea," anasema Mena. "Na wale pia hawakukosea. Basso ukiifunga, utapikwa. Ukiifungua, umetuita. Asiyetaka watu asilale humo."

Baada ya hapo jibu lilikuja lenyewe. Alimwendea wakili akamwambia anapanda ghorofa ya tano.

"Na magoti, Bi Mena?" wakili alishangaa.

"Magoti ni yangu, wakili. Niachie."

Kisha akamwambia na lililobaki, kwa sababu hapendi mambo ya chini kwa chini. Wageni wa kwanza wa basso yake watafika Oktoba, na atakayewapokea ni yeye. Atawauliza swali kama anavyowauliza wote: je, wanapenda majirani? Wakisema hapana, atawabadilishia ufunguo na kuwapandisha juu. Hatadanganya hata neno.

Wakili alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kumfukuza ni vigumu, maana wageni wakisifu jumba lake mtandaoni, wanalolitaja ni jina la Mena.

Haogopi kwamba wakili atayasoma haya gazetini? "Asome. Ameyasikia kwangu kabla yenu."

Hesabu yake ni nyepesi: basso ikikaa tupu mpaka majira ya baridi, wakili atatafuta mpangaji anayeiweza, na anayeiweza atakuwa ghorofa ya tano, akisubiri. Anatumaini kula Krismasi chini, kwenye meza yake, binti yake akiwepo.

Na kama watatokea wageni wanaopenda majirani, watakaomwambia Titina sukari iko wapi?

Swali hilo Mena hakuwa amejiuliza. Anakunja shuka aliyokwisha kuikunja.

"Hao waacheni wakae," anasema. "Hao ni wenzetu. Mimi nitazizoea ngazi."